Sura ya Saba: Inachemshia Wapi?

Mwenye gari akiingia gereji pale Uvira na kusema, "Fundi, gari yangu inachemsha," fundi anayejua kazi haharakishi kufungua boneti. Anauliza kwanza, "Inachemshia wapi, papa?" Swali hilo huwaudhi wengi. Mtu alitaka kutajiwa bei ya rejeta mpya, au kuambiwa gasketi imekufa, ili aanze kutafuta hela, na sasa anaulizwa habari za njia. Lakini likijibiwa kwa makini, swali hilo huondoa nusu ya makosa yanayowezekana kabla spana haijaguswa.

Barabara ya Taifa namba 5, kutoka Uvira kwenda Bukavu, ina majaribio matatu ndani yake. Kwanza kuna kusimama: vizuizi, masoko, ng'ombe wanaovuka, injini ikiunguruma gari likiwa pale pale. Pili kuna uwanda wa Ruzizi, Sange, Luberizi, Kiringye, Luvungi, takriban kilomita 80 za ardhi tambarare na jua kali mpaka Kamanyola. Tatu kuna Ngomo, ule mwinuko wenye kona za kukatisha tamaa ambao madereva wengi wameukwepa kwa kuzunguka Bugarama, upande wa Rwanda. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari; Bukavu iko karibu mita 1,500. Kila kipande cha njia hii hubana sehemu tofauti ya mfumo wa kupoza injini. Gari linalochemsha kizuizini na gari linalochemsha Ngomo mara nyingi yana magonjwa mawili tofauti, hata kama geji zao zinaonyesha kitu kimoja.

Joto linakokwenda

Katika dizeli unayoichoma, karibu theluthi moja tu ya nishati hufika kwenye kazi ya kusukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi. Sehemu kubwa ya inayobaki huingia kwenye maji yanayozunguka silinda, na maji hayo yana njia moja tu ya kulitua joto hilo: yapite kwenye vijia vyembamba vya rejeta, upepo uyapulizie, yarudi injini yakiwa yamepoa. Kwa hiyo mfumo mzima unadai vitu vitatu. Maji yawepo na yazunguke. Hewa ipite. Na shinikizo lishikiliwe ndani.

Hicho cha tatu ndicho kinachosahauliwa, na huku kwetu kina uzito kuliko pwani. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 usawa wa bahari. Uvira huchemka kwa digrii 97 hivi, na Bukavu kwa 95. Injini yenye afya hufanya kazi kati ya digrii 80 na 95, na mlimani hupanda zaidi ya hapo. Maana yake, bila shinikizo, gari linalopanda Ngomo lingekuwa linachemsha hata kama kila kitu kingine ni kizima. Linaloliokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye namba 0.9 huzuia shinikizo la baa 0.9 juu ya lile la hewa ya nje, na kwa shinikizo hilo maji ya Bukavu hayachemki mpaka yafike karibu digrii 116. Digrii ishirini na moja za usalama zimeshikwa na springi moja na duara la mpira.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Uchunguzi wowote wa maana huanza gari likiwa limelala usiku kucha. Fungua rejeta yenyewe, usiangalie chupa ya akiba peke yake. Chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta imepungukiwa lita mbili. Hilo likitokea, vali ndogo iliyo chini ya kifuniko, ile inayoruhusu maji yarudi kutoka chupani injini inapopoa, imeganda, au mpira unaounganisha chupa na rejeta umepasuka. Dalili nyingine ya vali hiyo ni mpira mkubwa wa juu wa rejeta kukutwa asubuhi umebonyea kwa ndani.

Tazama mpira wa kifuniko: ukiwa mgumu, umepasuka au una alama ya kina, badilisha kifuniko kabla ya kuwaza kingine. Hakikisha kipya kina namba ile ile. Kifuniko chenye shinikizo kubwa kuliko la gari lako kitakwenda kupasua mpira au tangi la rejeta lililochoka.

Kisha washa injini kifuniko kikiwa wazi, na utazame maji. Yakianza kutoa mapovu mfululizo ndani ya dakika ya kwanza, kabla injini haijapata joto, hiyo ni hewa ya silinda inayopenya kuingia kwenye maji. Zima, rudisha kifuniko, washa tena, na baada ya dakika moja bana mpira wa juu kwa vidole. Mpira ulio mgumu kama umejazwa upepo ilhali injini bado ni ya baridi unathibitisha habari hiyo hiyo. Tutairudia mbele.

Usiiamini sana geji. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, sindano imetengenezwa itulie katikati kwa upana mkubwa wa joto, ili dereva asihangaike bure. Ikianza kuvuka katikati, joto limekwisha kupanda kwa muda. Na kuna hila mbaya zaidi: maji yakiisha kabisa, kihisio cha joto hubaki hewani badala ya majini, na sindano huweza kushuka wakati injini inaungua. Sindano inayoanguka ghafla mlimani ni sababu ya kusimama, isikufurahishe.

Kizuizini: ni habari ya hewa

Gari linapotembea kasi, upepo wa njia hupoza rejeta wenyewe. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Ndiyo maana gari linalokwenda salama kutoka Sange mpaka Luvungi, kisha sindano ikapanda kwenye foleni ya kizuizi na kushuka tena baada ya kuondoka, halihitaji rejeta mpya. Lina tatizo la hewa.

Katika jeep za dizeli za zamani feni huzungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, klachi hushika na feni huvuta kwa nguvu. Ikiwa baridi, hulegea. Baada ya miaka ishirini mafuta hayo huvuja au huchoka. Zima injini ikiwa ya moto na uzungushe feni kwa mkono: inapaswa kukataa. Ikizunguka raundi kadhaa peke yake, klachi imekufa. Angalia pia kama kuna michirizi ya mafuta na vumbi mbele ya klachi. Kipimo kingine hakidai chochote: zima kiyoyozi, acha injini iliyopata moto iungurume, kisha sogeza karatasi mbele ya grili. Feni nzima huivuta na kuishikilia.

Kuna pia vitu viwili ambavyo gereji nyingi huvipuuza bila kujua. Kava la plastiki linalozunguka feni likivunjika, huondolewa na gari hurudishwa barabarani bila hilo. Bila kava, feni huzungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti badala ya kuivuta kupitia rejeta. Na mkanda: ukilegea, feni na pampu ya maji hupungua kasi kwa pamoja. Mlio mkali unapowasha gari asubuhi ni mkanda unaoteleza.

Uwandani: ni habari ya maji

Ukitoka Kiringye njia imenyooka, upepo unapuliza grili, feni haihitajiki sana. Sindano ikipanda hapo, kwa mwendo, klachi ya feni haihusiki. Maji hayazunguki ya kutosha, au rejeta haiwezi kuyatua joto lake.

Anza na nje. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, uwanda huu ni vumbi, na magugu yakikauka mbegu zake hurushwa na lori lililo mbele. Zote huishia kwenye mapezi ya rejeta. Mbaya zaidi, hujificha kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake, mahali ambapo jicho halifiki. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Mashine ya kuoshea yenye shinikizo kali hukunja mapezi na kuziba njia ya hewa moja kwa moja.

Kisha ndani. Zima injini iliyopata moto na upitishe mkono taratibu karibu na uso wa rejeta. Joto linapaswa kushuka hatua kwa hatua kutoka lilipo tangi la kupokea maji hadi upande wa pili. Mahali penye baridi katikati ya moto ni vijia vilivyoziba. Rejeta za zamani za shaba huweza kufunguliwa, kuzibuliwa kwa fito na kuchomelewa tena, na kazi hiyo mafundi wa Uvira na Bukavu wanaijua. Zile za alumini zenye matangi ya plastiki hazizibuliki kirahisi hivyo, na plastiki ikipata nyufa, gundi humaliza safari moja tu.

Baada ya rejeta, themostati. Kipande hiki hufunga njia ya rejeta mpaka injini ipate joto, kisha hufungua. Kikiganda kimefungwa, mpira wa juu hubaki vuguvugu huku geji inapanda. Huku Kivu Kusini wengi wameliondoa tatizo kwa kukitoa kabisa, wakisema nchi ya joto haikihitaji. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota, hilo huleta ugonjwa uliokuwa haupo. Themostati zao zina kazi mbili: zikifungua mlango wa rejeta, kisahani cha chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kuiona rejeta. Uvira tatizo halionekani, Ngomo linaonekana.

Kuipima ni rahisi, kwa sufuria, jiko na kipimajoto. Namba ya joto la kuanza kufunguka imeandikwa kwenye chuma chake, tuseme 82. Kufunguka kabisa huja digrii kumi hadi kumi na tano baadaye. Hapa ukumbuke mwinuko. Maji ya sufuria ya Bukavu hayavuki digrii 95, kwa hiyo themostati ya 88 inaweza kuonekana nusu wazi wakati maji yanachemka, na bado ikawa nzima. Usiitupe kwa kosa la mlima.

Pampu ya maji ndiyo ya mwisho katika kundi hili. Ina kitundu kidogo chini ya shimoni yake, na kitundu hicho kikianza kudondosha maji, sili imekwisha. Tikisa puli yake: ikicheza, beringi imechoka. Mapezi ya ndani yaliyoliwa na kutu hayaonekani mpaka pampu ifunguliwe, ndiyo maana inachunguzwa baada ya vingine kuwa safi.

Ngomo: ni habari ya kila kitu

Mlimani injini hutoa nguvu nyingi, gari linakwenda polepole, upepo wa njia haupo, na mwinuko unapunguza joto la kuchemka. Udhaifu mdogo uliovumilika uwandani hujumlishwa hapo. Kama gari linachemsha Ngomo tu, na asubuhi maji hayajapungua, fuata kwanza vitu vya bei ndogo: kifuniko, themostati, mkanda, klachi ya feni, vumbi la mapezi. Kagua na kisichohusu maji. Breki inayokaza, magurudumu yenye upepo mdogo, pampu ya dizeli iliyofunguliwa kupita kiasi ili gari "lipate nguvu", vyote huongeza joto. Kwenye gia otomatiki, mafuta ya gia hupozwa ndani ya tangi la rejeta, kwa hiyo gia inayoteleza mlimani huyapasha maji yale yale. Ukikuta mafuta ya gia yamekuwa rangi ya maziwa ya waridi, kipoza hicho kimepasuka, na safari iishie hapo.

Dereva naye ana sehemu yake. Gia nzito inayoifanya injini iungurume kwa taabu huzungusha feni na pampu polepole wakati mzigo ni mkubwa. Shuka gia moja mapema. Sindano ikipanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na ufungue madirisha. Hita ni rejeta ndogo ya pili, na dakika kumi za kuteseka huweza kukufikisha mahali pa kusimama.

Lakini kama maji yanapungua kila siku na hakuna tone chini, na yale mapovu ya asubuhi yalionekana, tatizo ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe. Dalili nyingine hujipanga: moshi mweupe usiokwisha injini ikiwa ya moto, mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa, hita inayopoa ghafla, maji yanayosukumwa kujaza chupa ya akiba mpaka imwagike. Kuna kimiminika cha bluu ambacho mafundi hupitisha ndani yake hewa ya mdomo wa rejeta. Kikigeuka kijani kwa dizeli, au njano kwa petroli, kuna gesi ya moshi ndani ya maji.

Hapo aina ya injini ina maana. Dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na lita 4.2, ina bloku na hedi za chuma cha kusubu, na husamehe mengi. Dizeli ya 1KZ-TE ya lita 3.0, iliyomo kwenye Prado nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990, ina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na hedi hiyo inajulikana kwa kupata nyufa ikichemshwa hata mara moja. Kubadilisha gasketi peke yake bila kupima hedi kwa rula ya chuma, na bila kuijaribu kwa shinikizo, ni kulipia kazi ile ile mara mbili.

Maji ya kujazia

Ziwa Kivu lina chumvi nyingi kuliko Tanganyika, takriban gramu moja katika kila lita ya maji ya juu, zinazotokana na ardhi ya volkano na chemchemi za chini ya ziwa. Volkano za Virunga ziliziba njia ya maji kuelekea kaskazini, na kwa takriban miaka 10,000 Kivu imekuwa ikimwagika kusini kupitia Ruzizi. Mto huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya chumvi zinazoingia Tanganyika. Na ndio ambao dereva aliyechemshiwa na gari uwandani huuchotea kidumu.

Mara moja, kwa dharura, si kosa. Kila siku, ni jambo jingine. Maji yanayotoka kama mvuke huacha chumvi zake ndani. Ukiongeza lita moja kila siku kwa mwezi, umebakiza karibu gramu 30 za mawe katika mfumo unaobeba lita kumi na kitu, na mawe hayo hujipaka kwenye kuta zenye moto mkali kuliko zote, yaani kuzunguka silinda, kama yale yanayoganda ndani ya birika la chai. Tabaka hilo hupitisha joto vibaya sana kuliko chuma.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya dakika za kwanza kuliosha bati, ni bora kuliko ya mto, ya ziwa na ya kisima. Bora zaidi ni kuyachanganya na kulanti. Wengi huku huiacha wakisema ni dawa ya barafu. Kazi yake huku ni nyingine: inazuia kutu, inalinda pampu na alumini, na inaongeza digrii kadhaa kabla ya kuchemka. Ifiche mbali na watoto na mbuzi, kwa maana nyingi zina utamu na ni sumu. Ukienda kununua vipuri dukani, majina utakayoyakuta yameandikwa ni ya Kifaransa: *bouchon*, *thermostat*, *durite*, *joint de culasse*. Nenda na kipuri cha zamani mkononi.

Likishachemsha, na baada ya matengenezo

Likichemsha, simama mahali salama. Kama maji bado yamo, iache injini iungurume dakika chache ikiwa na hita wazi. Kama mvuke unatoka au maji yameisha, zima mara moja. Usifungue kifuniko. Maji yaliyozuiliwa kwa digrii 110 hugeuka mvuke papo hapo shinikizo likiachiliwa, na uso wako uko juu yake. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuuachia, kisha ongeza maji kidogo kidogo injini ikiunguruma. Ndoo ya maji baridi ndani ya injini kavu inayowaka hupasua hedi ambayo mpaka dakika hiyo ilikuwa nzima.

Na fundi akisema amemaliza, kazi bado haijathibitishwa. Hewa iliyonaswa baada ya kufungua mfumo hutoa dalili zile zile za ugonjwa, kwa hiyo gari liungurume kifuniko wazi, mbele pakiwa juu kuliko nyuma, mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Liende kwenye kipande kile kile cha njia lilikochemsha, likiwa na mzigo ule ule. Lilale usiku. Asubuhi fungueni rejeta pamoja, fundi na wewe. Kama maji yako pale yalipokuwa jana, mlipe.